Udongo ulioloa dizeli: ya kujua kabla hujashika koleo

Kijana anayeingia kwenye kazi ya kusafisha udongo wa gereji au wa kituo cha jenereta hapa Mtwara huuliza kwanza bakteria wa kula dizeli wananunuliwa wapi. Hakuna haja ya kununua. Pseudomonas, Rhodococcus na wenzao wamo tayari kwenye udongo, pamoja na kuvu. Dizeli ikimwagika, wale wanaoweza kuila huongezeka wenyewe ndani ya wiki chache. Wanachopungukiwa ni hewa, maji na mbolea, na hapo ndipo kazi yako ilipo.

Chimba udongo wote ulioloa, uutandaze juu ya turubai zito lisilotoboka, kina kisizidi sentimita 40. Inua kingo za turubai ili maji yasitoroke, maana mchanga wetu wa pwani hauzuii kitu na visima vya watu viko karibu. Kama dizeli bado inachuruzika, ikusanye kwanza. Mafuta yakizidi asilimia 5 ya uzito wa udongo, bakteria wenyewe hulemewa, kwa hiyo changanya na udongo safi hadi yashuke. Mwezi mzuri wa kuanza ni Mei, mvua zikishakatika. Ukianza Januari, andaa turubai la pili la kufunikia.

Mbolea ndipo wengi wanapoharibu. Kipimo cha kawaida ni sehemu 100 za kaboni kwa 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Chukua mita moja ya ujazo ya mchanga, karibu kilo 1,500, yenye gramu 10 za dizeli kwa kila kilo. Hiyo ni dizeli kilo 15, na ndani yake kaboni ni kama kilo 13. Itahitaji naitrojeni kilo 1.3 na fosforasi kilo 0.13, sawa na urea kilo 2.6 na DAP (mbolea yenye naitrojeni na fosforasi) gramu 650. Hesabu ni sahihi, lakini ukiimwaga mbolea yote siku moja umewaua bakteria. Mchanga huo unashika maji kama lita 150 tu, na mbolea yote ikiyeyuka humo chumvi inakuwa kali kiasi cha kunyonya maji kutoka mwilini mwa bakteria. Igawe mara tano: urea gramu 520 na DAP gramu 130, ukiachanisha wiki tatu hivi. Ukisikia harufu kali ya amonia, umezidisha. Ongeza maji na usiweke tena hadi ikatike.

Hewa nayo ina hesabu yake. Kila kilo ya dizeli inahitaji oksijeni karibu kilo 3.5 ili iishe kabisa. Kwa zile kilo 15, ni hewa ya mita za ujazo karibu 190. Haiwezi kuingia yenyewe kwenye tuta lililoshindiliwa, ndiyo maana tunageuza kila wiki, kwa koleo, hadi chini kabisa. Tabaka la chini likiwa jeusi na linanuka kama yai bovu, halipati hewa. Maji: finya konzi ya udongo, ushikane bila kudondosha tone. Kwenye jua la Septemba utamwagilia karibu kila siku, kidogo kidogo.

Ili mchanga ushike maji, changanya samadi iliyooza vizuri au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kamba yana chumvi, yaoshe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi. Maganda ya korosho yamejaa kila mahali na ni ya bure, lakini yaache: mafuta yake yana fenoli zinazodhoofisha bakteria. Udongo wa kupunguzia makali usiutoe chini ya mikorosho bila kuupima. Salfa ya unga inayopulizwa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga hugeuzwa na bakteria wengine kuwa asidi, na pH hushuka, yaani udongo unakuwa mchachu. Ikiwa chini ya 6, tia chokaa ya kilimo. Usimwage sabuni ukidhani unasaidia. Inayasukuma mafuta chini zaidi.

Sehemu nyepesi ya dizeli huondoka mapema, nyingine ikiruka hewani tu. Hivyo vaa glavu, usivute sigara, na usitumie pua kupima dizeli iliyobaki. Oili chafu ni habari nyingine: minyororo yake ya kaboni ni mirefu, huchukua muda mrefu zaidi, na ina metali kama zinki. Metali haziliwi na bakteria yeyote. Udongo wa namna hiyo ni taka hatarishi, na kuusafirisha kunahitaji kibali. Wahusishe NEMC, baraza la taifa la mazingira, mapema.

Tenga ndoo moja ya udongo uleule, bila mbolea, uinyweshe na kuigeuza vilevile. Bila hiyo huwezi kujua mbolea imesaidia kiasi gani, na kiasi gani kingepungua hata bila mbolea. Sampuli ya siku ya kwanza ya kupeleka maabara ichukuliwe baada ya kuchanganya samadi, la sivyo utahesabu mchanganyiko kuwa usafi. Toa konzi sehemu tano au zaidi, uzichanganye, ujaze chupa ya kioo pomoni, si ya plastiki, funika kwa foili, weka kwenye barafu, na uandike tarehe na kina.