Aksoloti na fisaramu hawajiponyi kwa njia moja
Ndugu, umeuliza kama aksoloti, yule salamanda (mnyama wa majini anayefanana na mjusi) wa Xochimilco nchini Meksiko, na fisaramu, ule ukungu telezi wa manjano (kiumbe hai laini chenye utelezi, si ukungu wa hewani), hujiponya kwa njia moja. La, hasha. Aksoloti akikatwa mguu, seli zilizo karibu na jeraha hukusanyika na kuchipua mguu mpya wenye mifupa, misuli na neva, ilhali kipande kilichokatwa hufa. Fisaramu ni seli moja tu yenye viini vingi. Ukiikata, kila kipande huziba utando wake na kuendelea kuishi peke yake, na vikikutana tena huungana, jambo ambalo mimi naliona kuwa la ajabu zaidi. Salamanda wa asili hatunao hapa Uganda, lakini ukungu telezi utafute kwenye magogo yanayooza katika misitu yenye unyevu kama Mabira.