Jibu: Utajuaje kama chakavu ni alumini?

Mkuu wa Masasi, umeuliza utajuaje kama hicho kifuniko cha injini ni alumini kabla hujakiyeyusha. Sumaku haitakusaidia hapo. Alumini, zinki na magnesiamu zote hazishikwi. Tumia maji. Mimi hapa Mikindani naweka ndoo ndogo ya maji juu ya mizani ya jikoni, narudisha sifuri, halafu naning'iniza kipande kwa uzi kizame chote bila kugusa chini. Kitikise kwanza mapovu yatoke. Juzi kipande kilichokuwa na gramu 810 kikiwa kikavu, mizani ilisoma 300 kilipozama majini. 810 gawa kwa 300 ni 2.7, alumini hiyo.

Ukipata 6 na ushei ni zinki, na moshi wake unaleta homa.

Ukipata karibu 1.8, simama! Hiyo ni magnesiamu. Piga tupa kidogo, dondoshea siki: itatoa mapovu papo hapo. Usiitie motoni kabisa, maana ikiwaka, maji yanaizidishia moto.

Na nakuomba sana, usisubu sufuria ya kupikia kwa chakavu usichokijua asili yake. Madini ya risasi, ambayo ni sumu, hujificha humo kidogo na mizani isikwambie kitu. Subu puli, subu vishikio vya milango.