Mwalimu wa Kwaya Anajibu: Binti wa Igoma na ndoto ya opera

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 20, naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kigango chetu hapa Igoma, Mwanza. Tangu nimsikie Pretty Yende, mwimbaji wa opera wa Afrika Kusini, kwenye simu ya rafiki yangu, opera, ule mchezo wa kuigiza unaoimbwa, hainitoki kichwani. Baba mdogo anasema nimechelewa, wale hufundishwa tangu utotoni. Tena siku hizi kila baada ya misa ya pili sauti inakwaruza. Nina nafasi kweli? Nianzie wapi?
Msomaji, Igoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na koo, maana hilo halisubiri.

Nimefundisha kwaya kuanzia Kirumba hadi Buhongwa, na tatizo ni lilelile: spika zimefunguliwa hadi mwisho, kinanda kinawafunika waimbaji, na mabinti wa sauti ya kwanza wanapiga kelele ili angalau wajisikie. Inaniuma sana, kwa sababu sauti nzuri zinaharibika hivyo kabla hazijakomaa. Mwimbaji wa opera hashiki maikrofoni. Ukumbi wa Metropolitan Opera, New York, una viti karibu 3,800, na sauti ya mwimbaji inavuka okestra nzima, yaani kundi kubwa la wapiga ala, mpaka kiti cha mwisho. Hatumii ubavu. Anajifunza kutawala pumzi na kulipatia koo umbo linalokusanya nguvu ya sauti karibu na hezi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde), mahali ambapo sikio ni jepesi kusikia na okestra ina nguvu kidogo. Kazi hiyo huchukua miaka.

Kwa hiyo mwombe mwalimu wako mfanye mazoezi bila spika. Mkwaruzo ukizidi wiki tatu, nenda hospitali ya Bugando ukaonane na daktari wa masikio, pua na koo. Na mayai mabichi ya kulainisha sauti achana nayo. Yanapita njia ya chakula, hayagusi nyuzi za sauti.

Sasa baba mdogo. Mweleze kwa heshima kwamba huyo Yende, aliyezaliwa mwaka 1985 katika mji mdogo wa Piet Retief, Afrika Kusini, alikuwa na miaka 16 alipousikia muziki huo kwa mara ya kwanza, kwenye tangazo la shirika la ndege katika televisheni. Hakujua hata unaitwaje; ilibidi amuulize mwalimu shuleni. Alikuwa anaimba kanisani kama wewe. Akasoma Cape Town, kisha Milan, akashinda Operalia, shindano la kimataifa la waimbaji wa opera, mwaka 2011, na mwaka 2013 akaimba Metropolitan baada ya kuitwa ghafla kushika nafasi ya mwingine. Mwaka 2023 aliimba Mfalme Charles alipotawazwa.

Nafasi unayo, ila njia yake ni ndefu. Kwaya zetu nyingi husoma do-re-mi. Opera inataka nota za mistari mitano, kupiga kinanda kidogo, na baadaye Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa. Msingi wa muziki unaweza kuupata chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Arusha, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jumba la opera hapa nchini hatuna, hivyo mbele ya safari utalazimika kuondoka. Huko, waimbaji wengi wa kualikwa hulipwa kwa onyesho: ukishikwa na mafua usiimbe, mara nyingi hulipwi. Nyumbani kwao wanaweza kupakosa miezi mingi.

Kuhusu umri, Marian Anderson wa Philadelphia alikuwa na miaka 57 alipoimba opera Metropolitan mwaka 1955, mwimbaji wa kwanza mweusi kupewa nafasi ya kuigiza pale. Hakuchelewa yeye, mlango ndio ulikuwa umefungwa kwa sababu ya rangi yake. Masomo yake ya sauti alipokuwa binti yalilipiwa kwa michango ya waumini wa kanisa lake. Ongea na wazee wa kigango chako kuhusu hilo, ukiwa tayari unasoma nota.