Usikopeshwe injini na mtu anayenunua samaki wako

Jumanne usiku, nikiwa nahesabu magunia ya dagaa ya kupeleka Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, iliingia meseji. Nainukuu kwa ruhusa yake mwenyewe, jina nimeliacha.

"Shikamoo mama. Nafuatilia maandiko yako tangu mwaka juzi. Nilikuwa kiwandani, upande wa minofu, tumepunguzwa kazi. Nimepata mafao, milioni kumi na nne. Kuna wakala wa kununua samaki Igombe ameniambia nikinunua mtumbwi na nyavu, injini atanipa yeye, nitakuwa namlipa kwa samaki. Naomba baraka zako."

Marahaba, mwanangu. Sikukujibu usiku ule kwa sababu ningekujibu kwa hasira, na hasira yenyewe haikuhusu wewe. Yamenigusa maneno yako mawili ya mwisho kabla ya baraka: kwa samaki. Nimeamua kukujibu hapa ili na wengine wasome, maana najua wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna ndoto hiyo hiyo. Mnataka mtumbwi, halafu miwili, halafu nyumba Buswelu na watu pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, wawaite tajiri. Mimi niliitwa hivyo. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye mwalo wetu mwenye mitumbwi mitatu ya sangara, na sioni haya kusema nilijivunia.

Nilianzia chini kabisa. Mwaka 1996 nilitoka Ukerewe nikaja mjini kukaanga mapanki. Wasiojua, panki ni kile kinachobaki sangara akishatolewa mnofu kiwandani: kichwa, mifupa na mkia. Mnofu ulipanda ndege kwenda Ulaya, panki likabaki kwetu. Watu wa mbali walituhurumia sana kwa kula mapanki. Mimi vichwa vile vilinisomeshea watoto wawili, na hadi leo ukiniwekea kichwa cha sangara kilichokaangwa vizuri na ugali wa muhogo sitaomba kitu kingine.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukasimamisha kununua samaki wa ziwa letu la Victoria, baada ya habari kuenea kwamba kuna watu wanavua kwa sumu. Magari ya barafu yalisimama. Mapanki yaliadimika na kuku wangu wa biashara nikawauza mmoja mmoja kwa ajili ya kodi ya chumba. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba bei ya samaki wa mwalo wa Kayenze inapangwa na watu ambao hawajawahi kusikia jina la Kayenze. Nililifahamu, halafu nikalisahau, kama mtakavyoona.

Mwaka 2004 nikanunua mtumbwi wa kwanza kwa fedha zangu. Haukuwa na injini, ulikuwa na makasia na tanga. Nahodha alikuwa mtu wa Ukara, wa upande wa mama yangu, na nyavu zetu zilikuwa makila, yaani nyavu za kutega, zenye macho ya inchi 7. Siku nyingine walirudi na samaki wanne tu, lakini samaki wanne hao walibebwa kwa mti mabegani. Nyavu zililala umbali ambao taa za nchi kavu zilikuwa bado zinaonekana. Tukitoa gharama za chakula, tuligawana nusu kwa nusu, mimi na wavuvi. Ndani ya miaka mitano nikawa na mitumbwi mitatu. Miaka hiyo sina la kusimulia, mambo yalikwenda.

Mwaka 2012 akaja wakala. Alikuwa mpole na alinisalimia vizuri, akauliza hadi habari za watoto. Akasema, "Mama, wenzako wanakwenda mbali kwa injini, wewe bado unasubiri upepo." Akanipa injini mbili. Sikutoa hata shilingi siku ile. Masharti yalikuwa haya: samaki wote niwapime kwake, kwa bei iliyo chini ya bei ya mwalo, na nisiuze kwa mtu mwingine hadi deni liishe. Injini zenyewe alizihesabu kwa bei ambayo ningekwenda dukani na fedha taslimu ningepata injini mbili na nusu. Nikasaini, na mwandiko ulikuwa mzuri.

Kuna jambo moja la bondo ambalo vijana wengi hamlihesabu. Ndani ya sangara mna bondo, lile fuko la hewa, ambalo linakwenda China, na kilo yake inauzwa ghali mara nyingi kuliko kilo ya mnofu. Ukiwa umefungwa na deni, unampima samaki mzima kwa bei ya samaki, na bondo linaondoka humo humo tumboni. Miaka tisa nimewapa watu mabondo bure.

Sasa sikilizeni lililonifanya niandike. Deni linataka kula kila siku, na sangara mkubwa hapatikani kila siku. Nyavu za inchi 7 zina siku zake za kutoa kitu na siku za kurudi tupu. Zamani siku tupu ilikuwa siku ya kupumzika na kushona nyavu. Nilipokuwa na deni, siku tupu ilimaanisha mafuta ya jana nimekopa, ya leo nakopa, na wakala ananiandika kote kuwili. Nahodha akashauri tuongeze pisi, yaani vipande vya nyavu, za inchi 6. Sawa, inchi 6 inaruhusiwa. Baadaye 5. Mwaka 2013 nikanunua timba, zile nyavu za uzi mmoja kama wa plastiki, ambazo kila mtu pale mwaloni alijua ni haramu na kila mtu alijua duka linalouza. Zilileta samaki kila siku. Zilileta sangara wa urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, wakati kanuni inasema asiyefika sentimita 50 aachwe. Tuliwapima usiku. Wakala yule yule aliwapokea usiku.

Sangara jike huchelewa kukomaa kuliko dume. Lazima akue mkubwa kwanza ndipo abebe mayai, na yule mkubwa mmoja anabeba mayai mengi ajabu. Sisi tuliwatoa majini wakiwa bado wasichana. Sikuwa peke yangu, mwalo mzima tulikuwa hivyo, na mialo ya Sengerema hivyo hivyo, na Uganda na Kenya hivyo hivyo. Lakini hapa naandika yangu. Mitumbwi ikazidi kuongezeka, kila mmoja na injini ya mtu. Tukaanza kwenda mbali, tukapita Ukerewe, wavuvi wakalala ziwani siku mbili tatu wakiwa na barafu. Kule mbali kuna maharamia wanaochukua injini wakati wewe unaendelea kudaiwa deni lake. Injini yangu moja ilikwenda hivyo. Deni halikwenda nayo.

Viwanda navyo vikaanza kukosa samaki. Vingine vikafungwa, vilivyobaki vikawa vinafanya kazi chini ya uwezo wake, na watu wakapunguzwa. Mwanangu uliyeniandikia, sentensi hii nimeifuta mara tatu: wewe umekosa kazi mwaka huu kwa sababu ya samaki niliowavua mimi wakiwa hawajazaa. Nisamehe. Sasa mtu yule yule, kwa mkataba ule ule, anakuita ukavue wale waliobaki.

Mwaka 2018 doria ilipita katika mialo yetu. Nyavu zangu zilichomwa ufukweni mbele ya wajukuu zangu. Kwenye lundo lile mlikuwa na pisi zangu za inchi 6, halali kabisa, nikaonyesha kwa mkono, hakuna aliyenisikiliza, na hilo mpaka leo linaniuma. Linaniuma pia kwamba mwenye duka la timba hakuwapo ufukweni siku ile, wala wakala hakuwapo. Lakini timba zilikuwa zangu. Moshi wake ni mweusi na unakaa kooni.

Miezi iliyofuata nahodha wa jirani yangu alianza kuleta sangara wakubwa ambao hatukuwaona kwa miaka. Nilisimama pale mwaloni nikawaangalia wakipimwa. Ningeweza kusubiri. Ningeweza kununua makila ya inchi 7 chache, nikaanza upya kama mwaka 2004. Ila deni lilikuwapo kitabuni kama lilivyokuwa, moto haukuligusa, na wakala alikuja na upole wake kuniuliza nitalilipa kwa nini. Mwaka haujaisha nikanunua timba tena.

Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata padri.

Ya mbele yake nayapita haraka. Korona ilipokuja mwaka 2020 ndege zikasimama, bei ikaanguka, mwaka uliofuata nikauza mitumbwi yote mitatu na kiwanja cha Kisesa, nikamaliza deni. Sasa nina vichanja vya kuanikia dagaa Igombe. Nanunua asubuhi, naanika, naweka kwenye gunia, naleta Kirumba, wanakwenda hadi Kongo na kwenye viwanda vya chakula cha kuku. Msidhani nawavutia huku. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa hawaingii, mvua ikinyesha siku mbili mfululizo dagaa wanaoza juu ya kichanja, na nyavu za dagaa nazo zimeanza kubanwa macho kama tulivyozibana za sangara. Nazijua dalili.

Najua kuna watakaoniambia mama, ziwa ni kubwa, samaki hawaishi. Ni kubwa kweli, na karibu nusu yake iko Tanzania. Bibi yangu Ukara alikulia kwenye ziwa la ningu, sato na furu. Ningu walikuwa wanapanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, watu wakaziba midomo ya mito kwa nyavu, na leo waulizeni watoto wenu kama wanamjua ningu. Sangara mwenyewe ni mgeni, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawamaliza furu wa aina nyingi mno, na hao sangara waliowala furu ndio sisi tuliowala. Ningu nao walisemwa hawaishi.

Kwa hiyo ushauri wangu. Usichukue injini kwa mtu anayenunua samaki wako. Kama huna fedha ya injini, anza na tanga, au nunua injini iliyotumika kwa fedha yako, au ingia ubia na mtu mwenye injini mgawane mapato. Usichukue mafuta kwa mtu anayenunua samaki wako, wala barafu. Nimesema jambo moja mara tatu kwa sababu mnalisikia mara moja na kulipuuza, kama nilivyolipuuza mimi. Ukiwa huru, siku tupu unaweza kuivumilia. Ukiweza kuvumilia siku tupu, unaweza kuvua kwa inchi 7. Ukiwa huna deni, unapeleka samaki wako kwenye mizani mitatu na kuchagua, na bondo unaulizia bei yake.

Serikali imekuwa ikitoa mikopo ya boti na vizimba vya kufugia samaki ziwani isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na wengi mnaniuliza kuhusu vizimba. Hiyo angalau ni mkopo ambao mkopeshaji hakai mwaloni na mizani. Lakini sato wa kizimba anakula kila siku kwa miezi, na chakula chake ni ghali, kwa hiyo piga hesabu ya chakula kwanza kabla ya hesabu ya samaki. Nendeni TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza mkaulize kuhusu kina na mahali pa kuweka. Zaidi ya hapo sijafuga, siwezi kuwadanganya.

Na ninyi viongozi wa BMU, vikundi vinavyosimamia uvuvi kwenye mialo, mnaosoma hapa, maana najua mpo: mnapima macho ya nyavu, vizuri. Pimeni na madeni. Mtumbwi unapoandikishwa ulizeni injini ni ya nani. Mkikuta injini kumi na tano za mtu mmoja kwenye mwalo mmoja, mjue timba ziko njiani, hata kama leo hamjaziona. Mungu alitupa ziwa hili tukiwa hatujalifanyia kazi yoyote. Tumelitia rehani kwa watu wenye mizani, kipande kwa kipande, kila mmoja kwa saini yake, halafu tunalilia samaki.

Mwanangu, kuhusu baraka. Milioni kumi na nne ni fedha nyingi kwa mtu aliyesimama miaka sita kwenye maji ya baridi akichuna minofu. Hujavua nguo bado, hakuna maji yanayokulazimisha kuoga. Jumamosi nitakuwa Igombe kwenye vichanja tangu alfajiri, uliza mama wa dagaa mwenye kitenge cha kijani, watakuonyesha. Njoo na karatasi ya wakala kabla hujaisaini. Nami nitakuletea daftari langu la kuanzia mwaka 2012. Lina mafuta ya taa kwenye kurasa za mwisho lakini linasomeka. Upande wa kushoto niliandika deni la kila mwezi, upande wa kulia nyavu nilizonunua na inchi zake. Utaona za kushoto zinapanda na za kulia zinashuka, mwezi kwa mwezi, na mwandiko wote ni wangu.