Fundi mkimbizi hana vyeti, nimpime vipi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina karakana ya kuchomelea mageti na matangi. Amekuja mtu mzima, mkimbizi, anasema alichomelea mabomba ya mvuke kiwandani kwa miaka mingi kabla ya vita. Vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba. Kibali cha kazi anacho. Vijana wangu wananong'ona kuwa nikimchukua, wao watapunguzwa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuanza na kibali. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unagusa kazi ya kuajiriwa katika kifungu cha 17 na kujiajiri katika cha 18, lakini baadhi ya nchi ziliukubali kwa masharti yao, na sheria zinatofautiana. Basi kisome hicho kibali: kinaruhusu kazi gani, wapi, na kinaisha lini.

Kuhusu cheti, shukuru kwamba kazi yetu inapimika. Mpe vipande viwili vya bamba nene, mwachie aandae kingo mwenyewe, na wewe unyamaze utazame. Anasugua kutu? Anauliza fito za kuchomelea ni za aina gani na kama ni kavu? Anajaribu moto kwenye chuma chakavu kabla ya kugusa kazi? Aliyezoea mabomba ya mvuke hayaruki hayo. Kisha bamba lisimamishwe wima, achomelee kutoka chini kwenda juu, maana likiwa limelala hata mwanafunzi anaweza. Gonga ganda litoke, utafute vitundu, na utazame kama chuma kimeliwa pembeni mwa kiungo. Mwisho kata ukanda unaokatiza kiungo, ubane kwenye jiliwa (kibanio cha mezani), uukunje. Ukipasuka, utaona ndani kama moto ulifika chini au uliishia juu juu.

Muulize pia habari za kazi yake: mabomba yalibeba nini, nani alikagua viungo, kiungo kikikataliwa walikifanyaje. Ya vita usimuulize. Akitaka atasimulia mwenyewe.

Akifaulu, mlipe ujira wa fundi, kwa mkataba wa maandishi. Hili naliweka wazi kwa sababu linaniuma. Nimeona watu wenye mikono bora kuliko yangu wakilipwa kama vibarua wa kubeba vyuma, eti hawana karatasi, huku mteja akitozwa bei kamili ya fundi. Hiyo ni dhuluma. Tena msaidie kurasimisha ujuzi wake: nchi nyingi zina utaratibu wa kumpima aliyejifunzia kazini na kumpa cheti bila kumrudisha darasani. Barua yako ya kueleza kazi alizokufanyia itamfaa huko. (Kwa wenye elimu ya chuo kikuu, Mkataba wa Lisbon wa 1997, wa kutambua elimu ya juu, unazitaka nchi wanachama zitathmini elimu ya mkimbizi hata kama hati zake hazipatikani.)

Vijana wako usiwapuuze, hofu yao ni ya riziki. Wewe zabuni za mabomba huzigusi kwa kukosa mtu. Ukimpata, kazi inaongezeka. Mwaka 1685 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipoifuta Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu, Waprotestanti wengi walikimbia, na baadhi ya wafumaji wao wa hariri wakahamia Spitalfields, London. Wenyeji walinung'unika kama hao wako, lakini ufumaji wa hariri ulikua pale hadi mtaa ukajulikana kwa kazi hiyo. Wape vijana zamu za kusimama naye, mmoja mmoja, na umwambie yeye mapema kuwa kufundisha ni sehemu ya kazi na kuna malipo yake.

Na siku ya jaribio mlipe, afaulu asifaulu.