Wa menyu nimeubandua, wa malipo siuachi

Mmeuliza wiki hii: misimbo ya QR, ile miraba ya kuskani kwa simu, iliyojaa madukani na migahawani inamsaidia mteja au inamsumbua? Nina mgahawa mdogo Morogoro, supu na chapati asubuhi, wali na ugali mchana, na misimbo hiyo nimekuwa nayo ya aina mbili.

Wa kwanza ulikuwa wa menyu. Kijana wa stationari alinitengenezea, nikabandika stika sita, kila meza na yake. Wateja wakikaa wanaitazama ile miraba, kisha wananigeukia: "Mama, leo kuna nini?" Mwenye kitochi simlaumu. Lakini hata wenye simu janja waliuliza, na sababu niliijua siku niliposkani mwenyewe. Menyu yangu ilikuwa faili zito la picha, linazunguka weee, linakula bando la mtu aliyekuja kunywa supu tu. Likifunguka, linamwonyesha samaki aliyeisha tangu saa saba. Na mimi nina nafuu. Kuna mgahawa mmoja mjini ukiskani unadaiwa kwanza jina na namba ya simu. Nilitaka bei ya kuku, basi, mpaka leo napokea meseji zao za ofa.

Msimbo wenyewe hauna kosa. Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso ya Japani waliutoa mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari: ule wa zamani wa mistari ulibeba herufi 20 hivi, kwa hiyo boksi moja liliskaniwa mara kadhaa. Huu wa miraba unabeba tarakimu hadi 7,089. Kampuni haikudai malipo kwa wanaoutumia, ndiyo maana mimi nililipia karatasi na wino tu. Na hauharibiki kirahisi: ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha kujisahihisha, unasomeka hata karibu asilimia 30 yake ikichafuka. Stika ya meza ya dirishani ilikuwa na doa la mchuzi kama kidole gumba na bado ilisoma. Ila ile miraba mitatu mikubwa ya pembeni usiichezee, kamera inaanzia hapo.

Wa malipo ndio ulionikomboa. Zamani saa saba mchana mtu anasimama kaunta, namtajia namba, anakosea, namtajia tena, nyuma foleni inanuna. Sasa anaskani, jina la mgahawa linatokea, anaweka kiasi na namba ya siri, kwisha. Benki Kuu nayo imeweka kiwango cha TANQR ili stika moja isomwe na mitandao na benki mbalimbali, na hilo naliunga mkono kwa mikono miwili, maana kaunta yangu ilishakuwa kama ukuta wa matangazo.

Lakini macho lazima yawe wazi. Asubuhi moja mteja wangu wa kila siku alisoma jina kwa sauti kabla ya kulipa: "Mama, siku hizi unaitwa Juma?" Kuangalia, mtu amebandika stika yake juu ya yangu, kwa ustadi kabisa. Sijui chapati ngapi zilikwenda kwa huyo Juma. Tangu siku hiyo nikifungua mlango napitisha ukucha kwenye kingo za stika kabla hata ya kuwasha jiko, na mteja namwambia asome jina kwanza.

Menyu imerudi kwenye ubao, chaki na kitambaa cha kufutia. Samaki akiisha nafuta. Kila saa tano asubuhi kuna dada wa ofisi ya jirani anapita, anaupiga picha, anairusha kwenye grupu lao la WhatsApp. Kabla ya saa sita nina oda kumi na kitu.