Uchafu wa baruti ni chumvi: niliyojifunza kwenye gobore la Kibokoni

Nimeshika vyuma vya kale kwa zaidi ya miaka kumi hapa Mji wa Kale, Mombasa: madele ya kahawa, sinia za shaba, makomeo ya milango, majambia. Kilichonifundisha zaidi ni gobore moja la kushindilia kwa mdomoni, mali ya mzee mmoja wa Kibokoni, aliloachiwa na babake. Kibali cha serikali anacho, na kazi yote niliifanya barazani kwake, mwenyewe akiwa ameketi pembeni. Nawe nakusihi, usiliguse gobore, liwe lako au la mwenzio, kama halina karatasi zake.

Kabla ya uchafu kuna jambo lisilo na mjadala. Magobore ya zamani mara nyingi yalitundikwa ukutani yakiwa yameshindiliwa, na baruti iliyokaa kavu haizeeki. Chukua mdeki, au ufito mwembamba wa mti, uutie kasibani, yaani ndani ya mtutu, taratibu mpaka uguse chini, huku mdomo wa bunduki hauelekei mtu. Tia alama pale mdomoni, uutoe, kisha uulaze juu ya kasiba kwa nje, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha inatakiwa ifike karibu na tundu la moto, pale moto unapoingilia kwenye baruti. Ikiishia vidole viwili vitatu kabla ya hapo, ndani mna kitu. Acha hapo hapo. Usichokonoe, usipashe moto. Mwite fundi wa silaha mwenye leseni, au polisi. Letu lilikuwa tupu, alhamdulillahi, lakini nilipima mara tatu.

Sasa uchafu wenyewe. Katika kila sehemu 100 za baruti nyeusi, 75 ni shura (chumvi ya potasiamu), 15 makaa na 10 kiberiti (salfa). Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hugeuka vumbi, sehemu ikatoka na moshi na sehemu ikaganda ndani. Ukiyatazama mabaki hayo utasema ni masizi. Kumbe sehemu yake kubwa ni chumvi za potasiamu, nazo huvuta unyevu wa hewa. Kwa hewa yetu hii ya pwani, mabaki hulowa yenyewe bila kumwagiwa tone la maji, na kutu huanza siku ile ile.

Mimi niliamini ni masizi, nikamwaga mafuta ya taa, kisha mafuta ya gari. Kitambaa kilitoka kizito, kinanata kama lami, na kila nilipozidi kusugua utando ulizidi kushika. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu.

Chumvi dawa yake ni maji. Nilipolielewa hilo nikakosea tena: nikateka maji ya kisimani, na visima vingi vya kisiwa hiki vina magadi na chumvi. Asubuhi yake kasiba ilikuwa imeota kutu ya rangi ya machungwa, laini kama unga wa binzari. Mzee akachungulia, akatikisa kichwa. "Mwanangu, maji haya hata chai hatupikii."

Nikanunua mtungi wa lita 20 wa maji tamu kwa mwenye mkokoteni, nikaanza upya. Kichuchu kinachovalishwa fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti, kilikuwa kimeshika, nikakitia mafuta ya kulegeza kutu kwa siku mbili, kikafunguka kwa mkono. Kikikataa, usikilazimishe, uzi wake ukikatika hasara ni kubwa. Tundu nikaliziba kwa kijiti, nikajaza kasiba maji ya moto (si ya kutokota) yenye matone ya sabuni ya vyombo. Sabuni ilihitajika kwa sababu ya mafuta niliyoyamwaga mwenyewe. Nikasubiri dakika 15, nikamwaga. Maji ya kwanza yalitoka meusi tii, yakinuka yai viza. Harufu hiyo ni ya kiberiti, na ukiisikia ujue maji yamefika penyewe.

Kazi ngumu iko chini kabisa, pale baruti inapokaa. Pale palikuwa na pete ngumu kama ukoko wa wali. Niliiloweka mara sita kwa siku mbili, na kila mara nikaingiza brashi ya shaba yenye upana wa kasiba, nikiizungusha pole pole kama mtu anayesafisha chupa. Mara ya tano ndipo ikaanza kutoka vipande vipande. Subira ndiyo ilifanya kazi kuliko nguvu. Msasa na waya wa chuma usivitie humo. Kama kasiba ina mifuo ya kuzungusha risasi, utaikwangua isirudi tena. Jik pia usiitie, klorini yake inakula chuma. Ndimu na ukwaju ni za sinia za shaba, na huko zinang'arisha kweli, lakini kasiba ya chuma iepushe na ukali wake.

Suuza kwa maji tamu ya moto ili chuma kipate joto na kikauke upesi, kisha pitisha vitambaa vikavu. Nilichana leso kuukuu ya pamba, nikamaliza na kitambaa chenye spiriti. Ikiwa kavu kabisa ndipo unapopaka mafuta ya cherehani, kiasi kidogo tu.

Kesho yake pitisha kitambaa cheupe, na tena baada ya wiki. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia kuosha. Chetu cha siku ya nane kilitoka kama kilivyoingia. Mzee akakikunja, akakitia mfukoni mwa kanzu. Tukalisimamisha gobore mdomo chini, mafuta yasishukie kitakoni, mbali na dirisha la baharini, wala hatukulifunga nailoni. Tangu hapo nalipitia kila mwezi, na masika ikiingia, kila wiki mbili.